Moshi wa Upande Huu wa Kijito

Bwana Stroud angekuja mikono mitupu, Raylene asingeogopa. Lakini alikuja na keki ya machungwa, imefunikwa kwa kitambaa kilichopigwa pasi, na Raylene aliiona kwenye kioo cha mlango. Mzungu mwenye mashamba ya mizabibu kama yale habebi keki mwenyewe hadi nyumba ya watu weusi, wenyeji wa asili wa mji mdogo wa Wendlow, kwa sababu tu jua limetoka. Akina mama mnaosoma haya, hasira ya mtu kama huyo msiiogope sana. Ogopeni keki yake.

Alimkaribisha, afanyeje. Des, mumewe, alikuwa amejilaza kwenye kochi, uso umemsawajika kama anavyokuwa kila akitoka kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo zake zilikuwa zimekwisha, na mashine yenyewe ilikuwa katika hospitali ya mji mwingine, mbali. Alikuwa anapelekwa na basi dogo la nyumba ya jamii, yeye na wagonjwa wengine wawili, na basi hilo lilikuwa linatembea kwa pesa ya pango.

Pango ndivyo walivyoiita pesa ambayo baadhi ya wazungu wa pale walikuwa wakiitoa kwa hiari yao, mwezi hadi mwezi, kukiri kwamba wanakaa na kulima kwenye ardhi ya watu ambao hawakuiuza wala kuitoa zawadi. Sheria haikumlazimisha mtu. Wengi hawakutoa, na wengine waliwacheka wenzao wanaotoa. Glenys mwenye saluni alitoa kidogo. Mwalimu mkuu mstaafu alitoa kidogo. Bwana Stroud peke yake alitoa kuliko hao wote ukiwajumlisha, na kila mtu alijua, kwa sababu mwenyewe hakuwa msiri.

Siku hiyo hakuzungumzia pango hata kidogo. Alimwulizia Des hali yake, akasifu mapazia, kisha akamgeukia Tarni, binti yao, aliyekuwa amesimama kando ya jiko na kikombe mkononi. Alimwambia kwamba ukumbi wake wa harusi umekamilika, kwamba Jumamosi wanaufungua, watu wa magazeti watakuwepo, na yeye na mkewe hawawezi kufikiria kufungua bila kupata baraka za wenye ardhi. Angependa Tarni aje kuwakaribisha wageni na kufukiza. Tarni alikuwa na kipaji cha shughuli hiyo. Alikuwa akiweka majani mabichi ya mkaratusi juu ya makaa, watu wakipita katikati ya moshi, yeye akisema maneno ya lugha ya mababu kwa sauti tulivu hata watoto wakanyamaza. Alikuwa ameifanya shuleni na kwenye uwanja wa mpira, na wazungu walimpenda.

"Nitakuja," Tarni akasema, macho yanang'aa.

"Nilijua," Bwana Stroud akasema. "Sisi tunasaidiana, sivyo? Basi lenu linatembea, ukumbi wangu unafunguliwa." Akamgusa Des begani alipokuwa anatoka, kama mtu anayempapasa farasi mzee.

Mlango ulipofungwa, Raylene hakuikata keki. Alimwuliza binti yake ukumbi wenyewe umejengwa wapi.

"Ng'ambo ya Kijito cha Tarrin, Mama. Pale penye mteremko, unapoonekana mji wote."

Des alifumbua jicho moja. Raylene alivuta kiti akakaa.

"Ng'ambo si kwetu," akasema.

Tarni alicheka kidogo. Alisema halmashauri ya wilaya imeandika kwenye mabango yote ya barabarani kwamba wilaya nzima ni ardhi ya watu wa mtoni, na wao ndio watu wa mtoni, sasa tatizo liko wapi. Raylene alimwambia mabango yameandikwa na watu wa halmashauri, waliotaka jina moja tu ili wapake rangi mara moja. Ardhi ya watu wa mtoni inaishia kwenye maji ya Tarrin. Ukivuka, uko kwa watu wa kilimani. Bibi zake Raylene hawakuvuka pale bila kuitwa, na mtu mweusi anayesimama kwenye ardhi ya wenzake akakaribisha watu ni sawa na jirani anayeingia sebuleni kwako na kuanza kuwagawia wageni wako viti.

"Hukuwahi kuniambia," Tarni akasema.

Ni kweli hakuwahi. Binti alikulia katika mji mkubwa, kwenye ghorofa za serikali, kwa sababu Raylene aliogopa kumlea mahali ambapo kila mzungu wa serikali mwenye faili angeweza kubisha hodi, kuuliza kama mtoto amekula, kisha amchukue, kama walivyochukuliwa watoto wengi weusi. Walikuwa wamerudi Wendlow kwa ajili ya figo za Des, ili auguzwe nyumbani, kati ya ndugu. Raylene akachukua kisu akaikata keki, maana chakula hakina kosa.

*

Watu wa kilimani walikuwa wamebaki wachache, na msemaji wao alikuwa mwanamke mzee ambaye kila mtu alimwita Shangazi Dulcie. Kila Alhamisi alikuwa akienda kutengeneza nywele kwa Glenys, na huko ndiko Raylene alikomfuata. Alimkuta kichwa kimejaa vibano, anasoma gazeti la mwezi uliopita.

"Nilikuwa nakungoja," Shangazi Dulcie akasema bila kuinua macho. "Nimesikia binti yako ataniwakilisha Jumamosi. Sikujua kama nimekufa."

Glenys aliyekuwa anachanganya dawa ya nywele alianza kuichanganya polepole zaidi.

Raylene alibaki amesimama, mkoba kifuani kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alisema Tarni hakujua mpaka. Alisema kosa ni lake yeye mama. Shangazi Dulcie akamwacha amalize, kisha akamweleza kilichokuwa kimetokea. Bwana Stroud alikuwa amekwenda kwake kwanza, na akarudi, na akarudi tena. Nyuma ya ule ukumbi kuna tuta la udongo, la kale sana, mahali watu wa kilimani walipopikia na kuzikana tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Ukumbi umesogezwa hadi miguuni pa tuta, na juu yake anataka kuweka viti vya maharusi kupigia picha. Shangazi Dulcie alimkatalia kufukiza. Alimwambia moshi wake hautafunika jambo hilo.

"Basi akaenda kutafuta mweusi mwingine," akasema. "Kwao sisi ni kama maduka. Hili limefungwa, anajaribu la pili. Nikamwambia mpwa wangu, hawezi kuwa mtoto wa Raylene. Raylene anaogopa hata mluzi wa birika la chai, atathubutu vipi kuniibia kilima?"

Maneno yalimchoma, na zaidi kwa sababu Glenys aliyasikia. Lakini Raylene alikuwa amekuja na jambo jingine, akalitoa hapo hapo. Alisema shamba la Stroud lote liko ng'ambo. Kwa hiyo pango analotoa, miaka yote hii, lilipaswa kwenda kilimani, si mtoni. "Tumekula pango lenu, Shangazi."

Shangazi Dulcie alifunga gazeti. "Nilijua tangu mwezi wa kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Basi linambeba Des," akasema. "Ningesema nini? Kwamba yeye, mtoto wa dada wa rafiki yangu, afe ili hesabu zikae sawa?" Akamgeukia Glenys kwenye kioo. "Na wewe acha kusikiliza, utaniunguza kichwa. Wewe huwa unatoa pango lako kwa nani?"

Glenys akawa mwekundu. Alisema analipa mtoni, saluni iko mtoni. Alisema hajawahi kuuliza pesa zinafanya nini, aliona si kazi yake kuuliza.

"Mpangaji mwenye adabu," Shangazi Dulcie akasema. "Haya, nitoe hivi vibano."

*

Nyumbani Tarni hakukubali upesi. Alikuwa amekwisha kuwaambia rafiki zake, na nguo ya kuvaa ilikuwa imetundikwa mlangoni. Alimwambia mama yake kwamba maisha yake yote amefundishwa kuwaogopa wazungu, asiwakaripie, asiwatazame machoni, aseme asante. Leo amepatikana mmoja anayetoa bila kulazimishwa, mama anataka amtemee mate.

"Na baba?" akauliza. "Stroud akiacha kutoa, baba atakwenda hospitali kwa mbawa?"

Raylene hakulala vizuri wiki hiyo kwa ajili ya swali hilo hilo. Alikwisha kulizungusha kila upande. Akisema hapana, Des anakosa basi, na mtu wa figo akikosa mashine mara chache tu huanza kuvimba miguu, kisha pumzi humwishia. Akisema ndiyo, binti yake atajulikana daima kuwa yule aliyeuza kilima cha wenzake kwa mafuta ya gari, na watakaomwita hivyo kwa sauti kubwa kabisa watakuwa wazungu wenyewe.

Des alikuwa anasikiliza kutoka kwenye kochi. Alikuwa mtu wa maneno machache hata alipokuwa mzima.

"Msinifanye mimi kamba," akasema. "Kama mnataka kumfunga mtoto, tafuteni kamba nyingine."

Basi Tarni akaenda chumbani, na hakuna aliyejua ameamua nini.

Ijumaa basi dogo lilisimama kituo cha mafuta kabla ya safari. Dereva alikuwa ameingia dukani. Des na wenzake walikuwa wamekaa ndani na mablanketi yao, Tarni naye amekwenda kumsindikiza baba yake, na Raylene alikuwa nje anafuta vumbi kioo cha mbele kwa leso, maana mikono yake ilitaka kazi. Gari la Bwana Stroud likaja kusimama pampu ya pili. Akashuka akitabasamu. Alisema amepita nyumbani kwao akakuta kimya, na anataka tu kuhakikisha kila kitu kiko sawa kwa kesho, kwa sababu amesikia maneno ya saluni.

Raylene alimwambia, kwa sauti ndogo, kwamba ng'ambo ya kijito si kwao, na amwombe Shangazi Dulcie.

Bwana Stroud aliendelea kutabasamu, ila tabasamu lilikuwa limebaki mdomoni peke yake. Alisema Dulcie ni mzee mkorofi, na yeye hana nguvu za kuingia ugomvi wa watu weusi kwa weusi. Alisema alidhani wana urafiki. Kisha akatazama ubavu wa basi, akaugonga mara moja kwa kiganja, kama mtu anayekagua bidhaa.

"Mimi natoa kwa hiari, Raylene. Hiari ina milango mingi. Kuna wale wanaotunza mbwa waliotupwa, nao wananiomba kila siku. Mbwa angalau wanajua kutikisa mkia."

Leso ilimganda Raylene mkononi. Alitamani lami ifunguke. Na lililomuumiza zaidi ya tusi lenyewe ni kwamba aliona mdomo wake ukianza, kwa mazoea ya miaka yote, kutengeneza neno asante. Akaufunga.

Bwana Stroud alipoondoka, dirisha la basi lilikuwa wazi. Tarni alikuwa amekaa pale pale, uso ameuegemeza kwenye mgongo wa kiti cha mbele. Alikuwa amesikia kila neno. Jioni alipofika nyumbani aliitoa ile nguo mlangoni akaikunja.

"Mama," akasema. "Zamani mtu akitaka kuingia kwa wenzake, alikuwa anafanya nini hasa? Niambie yote. Usiruke hata kidogo."

*

Jumamosi kulikuwa na baridi ya jua, na migunga kando ya Tarrin ilikuwa imechanua manjano. Ng'ambo, ukumbi wa vioo na mbao uling'aa, mahema meupe, mtu anapiga fidla, wanawake waliovaa viatu virefu wakizama kwenye nyasi. Juu ya tuta viti viwili vilivyofungwa utepe vilikuwa vimekwisha kupangwa.

Raylene, Des na Tarni walikuja kwa miguu upande wao, polepole kwa ajili ya Des. Tarni alibeba makaa ndani ya ndoo ya bati na fungu la majani mabichi kwapani. Walipofika kwenye mawe ya kuvukia hawakuvuka. Wakatandika blanketi. Tarni akachochea moto, akaweka majani, moshi mweupe ukapanda juu ya maji. Kisha wakakaa, wamegeuka ubavu, kwa sababu mgeni hakodolei macho nyumba ya mtu. Ndivyo ilivyokuwa zamani: unakaa mpakani, unawasha moto uonekane, unangoja. Huiti. Mwenye ardhi atakuja kwa wakati wake, na asipokuja unarudi ulikotoka.

Wageni wakaanza kusogea upande wa maji na glasi zao. Walidhani shughuli ndiyo hiyo imeanza. Wengine wakapiga picha. Muda ukapita, na watu wale watatu wamekaa tu. Fidla ikanyamaza.

Bwana Stroud alikuja mwenyewe hadi ukingoni, suti ya kijivu, ua kifuani.

"Mbona mmekaa huko? Watu wanangoja."

"Na sisi tunangoja," Raylene akasema.

"Mnamngoja nani?"

"Mwenyewe."

Akacheka, akawageukia wageni wake apate wa kucheka naye. "Mwenyewe ndiye mimi hapa."

Raylene alikuwa anatetemeka. Alikuwa ameikalia mikono yake ili isionekane. Lakini sauti ilipotoka, ilitoka nzima, na maji yaliibeba hadi ng'ambo.

"Wewe ni mpangaji, Bwana Stroud. Umelipa vizuri, tunashukuru, ila umekuwa ukilipa kwa jirani. Na hata ungelipa panapostahili, mpangaji hamwagizi mwenye nyumba akaribishe nani. Kule nyuma ya ukumbi wako kuna watu wamelala, umewawekea viti kichwani. Sisi hatuwezi kukufukizia hilo. Si letu."

Bwana Stroud alishusha sauti, kama watu wanavyofanya wakidhani kijito kitawasitiri, akasema basi wasishangae Jumatatu basi likikosa mafuta.

"Jumatatu tutaiona Jumatatu," Des akasema.

"Na pesa wape mbwa," Tarni akasema. "Wao wanajua kutikisa mkia."

Alilisema bila kupandisha sauti, akaongeza majani motoni. Mwandishi wa gazeti aliuliza aliye karibu naye, mbwa gani. Bwana Stroud alisikia swali hilo. Akapanda mteremko kwa haraka kwenda kumwambia mpiga fidla aendelee.

Walioondoka ukingoni walikuwa wengi. Walitazamana, wakaona baridi, wakarudi kwenye mahema. Glenys hakurudi. Alikuwa amealikwa na Bwana Stroud kwa sababu yeye ndiye aliyemtengeneza nywele mke wa Stroud asubuhi ile. Alisimama kidogo peke yake na sahani ya chakula mkononi, akaiweka kwenye nyasi, akavua viatu, akaingia majini na soksi zake ndefu huku akitoa miguno kwa baridi. Alifika upande wa pili amelowa hadi magotini. Hakuja kukaa kwenye blanketi. Alikaa nyuma yao kidogo.

"Unafanya nini, Glenys?" Raylene akauliza.

"Nimekumbuka kwamba na mimi sikuitwa na mwenyewe," akasema.

Shangazi Dulcie alichelewa. Baadaye walijua kwamba alikuwa amefika mapema, amekaa kwenye gari la mpwa wake nyuma ya mizabibu anakunywa chai ya chupa, anawatazama, maana mgeni lazima angojeshwe. Alipojitokeza alipita katikati ya mahema na fimbo yake bila kumsalimia mtu. Alipanda kwanza kwenye tuta. Aliviondoa vile viti viwili, kimoja kimoja, akavilaza chini kwenye nyasi kwa upole kama mali ya mtu mwingine. Hakuna aliyemzuia. Kisha akateremka hadi kwenye maji, akasimama, akawaita kwa lugha ya kilimani, neno refu ambalo Tarni hakulijua na Raylene alikuwa amelisikia mara ya mwisho akiwa mdogo, mgongoni pa bibi yake.

Wakainuka. Tarni akabeba ndoo. Walivuka jiwe kwa jiwe, Des katikati, na Shangazi Dulcie akampokea kwa kumshika mkono.

"Jumatatu utapanda gari la mpwa wangu, na hao wenzako pia," akamwambia. "Linanuka mbwa, lakini linatembea. Na wewe mtoto, leta moshi wako kule juu kwa wazee. Leo nimekuomba mimi."

Raylene alipopita mbele yake, Shangazi Dulcie alimtazama mikono, ilikuwa bado inatetemeka. Hakumtania.

Glenys alikuwa amesimama upande wa pili, viatu mkononi. "Na mimi, Dulcie?"

Shangazi Dulcie alimwangalia kwa muda, soksi zilizolowa, nywele zimetawanyika kwa upepo. Kutoka kwenye mahema wageni nao walikuwa wanaangalia.

"Wewe kaa kwanza," akasema.

Glenys akarudi kukaa. Akavuta sketi ifunike magoti, akatafuta kijiti kikavu, akakiweka kwenye moto waliouacha ili usizimike.